Jibu: Peptidi za "utafiti tu", mbona huku ruksa na kule zinakamatwa?

Salamu mkuu. Umeuliza inakuwaje BPC-157 (peptidi ya maabara, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi) iuzwe waziwazi Marekani kwa lebo ya "kwa utafiti tu", halafu mzigo uleule ukifika Australia unazuiwa forodhani.

Kwanza achana na lebo, angalia matumizi. Marekani kuiuzia maabara kemikali si kosa, ila muuzaji akianza kutaja dozi na kubandika picha za misuli, FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) inaihesabu kuwa dawa isiyoidhinishwa. Ndiyo maana 2024 iliwaandikia barua za onyo waliokuwa wakiuza semaglutide (dawa ya kisukari na kupunguza uzito) kwa lebo hiyohiyo. Australia hawazunguki: CJC-1295 na ipamorelini (peptidi za kuchochea homoni ya ukuaji) zimetajwa kwa majina kwenye Jedwali la 4 la orodha yao ya dawa na sumu, yaani bila cheti cha daktari hupati. Uingereza wanatazama bidhaa inadaiwa kutibu nini, au inafanya nini mwilini. Lebo peke yake haimwokoi mtu.

Mimi niliwahi kuagiza vichupa kumi vya maabara vikakaa forodhani wiki tatu. Kosa? Ankara iliandikwa "unga mweupe", basi. (Nani asingeshtuka?) Nilipopeleka barua ya maabara, namba ya CAS (namba ya kutambulisha kemikali) na maelezo ya jaribio, viliachiwa kesho yake. Karatasi hizo ziandae kabla hujalipa, si baada.

Na kama unashindana michezoni, hesabu hizi zote hazikuhusu: WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni) imepiga marufuku BPC-157 tangu 2022, uwe nchi yoyote.