Kabla hujaanza mradi wa mbegu zinazozunguka

Ukitaka mradi wa fizikia usiokula pesa, nenda chini ya mti wa mahogani maganda yake yanapokauka na kupasuka. Okota mbegu moja, ile yenye bawa la kahawia upande mmoja tu, inyanyue juu ya kichwa uiachie. Kwa kitambo kidogo itaanguka ovyo, halafu itajilaza na kuanza kuzunguka kama pangaboi hadi chini. Jambo hili lilinishika nikiwa mwaka wa pili chuoni na halijaniachia. Sasa nasimamia wanafunzi wanaolifanyia mradi, na nawaona wakijikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

Anza na kile kitambo cha mwanzo. Wengi huachia mbegu wakiwa wamesimama juu ya meza, wanapima muda hadi sakafuni, kisha wanashangaa majibu hayalingani. Hayawezi kulingana, kwa sababu sehemu kubwa ya safari hiyo mbegu ilikuwa bado inatafuta mzunguko. Panda ghorofani. Mimi hutumia uwazi wa katikati ya ngazi, feni zimezimwa na milango imefungwa, na hubandika utepe ukutani mita 1.5 chini ya mkono wangu. Saa huanza kuhesabu mbegu ikipita utepe, si inapotoka mkononi. Kwa njia hiyo mbegu zangu hushuka kwa kasi ya karibu mita 1.2 kwa sekunde, na tofauti kati ya jaribio na jaribio inakuwa ndogo.

Sasa kiini cha mambo. Mgeni hudhani bawa linafanya kazi kama mwavuli, kwamba linazuia hewa kwa upana wake. Ling'oe lile bonge la mbegu, uliachie bawa peke yake: litapinduka-pinduka kama kipande cha karatasi. Uzito ule uliokaa upande mmoja ndio unaolifanya bawa lizunguke, na mzunguko ndio unaobadilisha kila kitu. Piga hesabu. Bawa langu lina nusu kipenyo cha sentimita 8 na linazunguka mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo ncha yake inakata hewa kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Hiyo ni mara nne ya kasi ya kushuka. Na kwa kuwa kani ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, ncha inapata nguvu ambayo bawa lililotulia lisingeipata kamwe. Ukubwa wa kuweka kwenye hesabu, basi, ni eneo la duara zima linalofagiwa na bawa. Helikopta iliyozimika injini angani hutegemea jambo hilohilo ili itue salama: hewa inayopanda kutoka chini ndiyo inayoendelea kuzungusha rafadha.

Bado hapo hujamaliza, na sehemu inayofuata ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwaka 2009 David Lentink na wenzake walichapisha utafiti juu ya mbegu za mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Walitengeneza bawa kubwa la roboti, wakalizungusha ndani ya tangi la mafuta, na mbegu halisi wakazipulizia hewa yenye moshi. Wakaona kisulisuli kidogo kimelala juu ya bawa, nyuma tu ya ukingo wa mbele, kikisafiri nalo bila kung'oka. Ndani ya kisulisuli shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo bawa linavutwa juu. Wadudu, popo na ndege wavumaji hutumia mbinu hiyohiyo wanaporuka. Mti hauna msuli hata mmoja, lakini umefika palepale.

Kuhusu kamera, nisikilize vizuri. Nilipoteza wiki mbili nikiamini mbegu yangu ina mabawa matatu ya kivuli yanayorudi nyuma polepole. Simu ilikuwa inapiga picha 30 kwa sekunde, mbegu inazunguka karibu mara 10, hivyo kila picha ilinasa bawa likiwa limepita theluthi ya duara. Jicho likaunganisha picha hizo likaona mabawa matatu. Weka simu kwenye mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde, halafu hesabu kwa kidole ni picha ngapi zinapita hadi bawa lirudi lilipokuwa. Zangu zilikuwa 24.

Mzani wa jikoni hausomi mbegu moja. Pima 50 pamoja ugawanye. Ukitaka kuchunguza uzito, bandika udongo wa kuchezea kwenye bonge la mbegu, usiuweke kwenye ncha ya bawa, maana huko utaua mzunguko. Uzito ukiwa mara mbili, kasi ya kushuka haiwi mara mbili, inakuwa karibu mara 1.4, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili cha uzito. Mwanafunzi akipata 1.4 bila kuambiwa, hufurahi nami hufurahi kuliko yeye.

Usilinganishe matokeo ya Tanga na ya Nairobi kabla ya kurekebisha uzito wa hewa. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo mbegu ileile itashuka kwa kasi zaidi, asilimia 9 hivi. Na mbegu uliyookota leo bado ina unyevu. Ianike kivulini, uipime kila siku, na usianze majaribio hadi uzito wake uache kupungua.