Maswali na Majibu: Kubonyeza Sikio kwa Ajili ya Mafua ya Mzio

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu tiba ya kubonyeza nukta za sikio kwa watu wanaosumbuliwa na chavua kila msimu. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nimeyafupisha bila kubadilisha maana.

Swali: Ndugu mwandishi, kila nyasi zinapochanua hupiga chafya mfululizo, macho huniwasha na pua huziba usiku kucha. Mtaalamu mmoja wa tiba mbadala amenishauri nibandikwe mbegu sikioni. Tiba hiyo hufanywaje, na imetoka wapi?

Jibu: Mbegu inayotumika zaidi ni ya mmea uitwao Vaccaria. Ni mbegu nyeusi ya mviringo, yenye upana wa milimita mbili hivi, nayo huwekwa katikati ya kipande kidogo cha plasta. Mtoa tiba hulisafisha sikio kwa spiriti, hulipapasa kwa kijiti butu akitafuta mahali panapouma kuliko pengine, kisha huibandika plasta hapo kwa kibanio. Kuanzia hapo kazi ni ya mgonjwa mwenyewe: mara kadhaa kwa siku huibana mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka sikio lipate joto na maumivu kidogo, na baada ya siku chache plasta hubanduliwa ili sikio la pili lipewe zamu. Wengine hutumia vipira vidogo vya chuma au vya sumaku badala ya mbegu. Kwa mafua ya mzio, nukta zinazochaguliwa mara nyingi ni zile zilizopewa majina ya pua ya ndani, mapafu, tezi ya adrenali na Shenmen, jina la Kichina lenye maana ya "lango la roho".

Ingawa maandishi ya kale ya tiba ya Kichina yanalitaja sikio, ramani inayotumika leo ilianzia kwa Paul Nogier, daktari wa mji wa Lyon, Ufaransa, aliyeitangaza katika miaka ya 1950. Yeye alilitazama sikio kama umbo la mtoto aliyejikunja tumboni kichwa chini, ndewe ikiwa ndiyo kichwa, na akaigawa ngozi yake kufuata viungo vya mwili. Wachina waliichukua ramani hiyo wakaipanua kwa namna yao, na hadi leo ramani hizo mbili hazilingani kila mahali. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano Lyon ili majina ya nukta yasanifishwe. Mkutano huo ulihusu majina. Wanaoutaja kama uthibitisho kwamba nukta hizo hutibu wanaupa uzito usio wake.

Swali: Sikio na pua vinahusiana vipi kiasi kwamba ubonyeze kimoja upate nafuu ya kingine?

Jibu: Tuanze na kinachotokea puani. Mwili wa mtu mwenye mzio hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya chavua, nazo hujishikiza kwenye seli za kinga zilizojaa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, katika utando wa pua na wa macho. Chavua ikirudi msimu unaofuata, seli hizo huimwaga histamini, na ndani ya dakika chache mtu huanza kuwashwa, kupiga chafya na kutokwa na kamasi nyepesi. Saa kadhaa baadaye uvimbe huongezeka na pua huziba. Swali la haki kwa tiba yoyote ni hili: inaingilia kati wapi katika mfuatano huo?

Kwa upande wa sikio, jambo lililothibitika ni kwamba tawi moja la neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, hufika kwenye ngozi ya sehemu ya ndani ya sikio la nje. Ndiyo sababu baadhi ya watu hukohoa wanapoguswa ndani ya tundu la sikio. Neva hiyo pia hushiriki katika kuratibu uvimbe mwilini, na watafiti wamekuwa wakijaribu kuisisimua kwa umeme mdogo kupitia sikio katika maradhi mbalimbali. Hata hivyo, kutoka kwenye neva inayosisimuka hadi kwenye utando wa pua unaoacha kumwaga histamini ni safari ndefu, na hatua zake nyingi hazijaonyeshwa. Zaidi ya hayo, neva hiyo haielezi kwa nini nukta moja iitwe mapafu na jirani yake iitwe kitu kingine. Kwa hiyo maelezo haya hayatoshi kuikubali tiba wala kuikataa. Kinachoweza kuamua ni majaribio.

Swali: Dada yangu alibandikwa mbegu wakati hali yake ikiwa mbaya kabisa, na baada ya wiki mbili alikuwa mzima. Ushahidi gani mwingine unahitajika?

Jibu: Nafurahi kwamba dada yako alipata nafuu, na sina shaka kwamba nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Ninachokuomba ufikirie ni mambo mengine yaliyotokea katika wiki hizo mbili. Mtu hutafuta tiba siku anapozidiwa, na baada ya siku mbaya kabisa zinazofuata kwa kawaida huwa nafuu kidogo, hata asipofanya lolote. Chavua nayo haikai kiwango kimoja. Huongezeka katika siku kavu zenye upepo, mvua ndefu huiosha kutoka hewani, na msimu wa mmea mmojammoja una mwisho wake. Huenda pia aliendelea kumeza vidonge vyake, au alifunga madirisha zaidi kuliko kawaida kwa kuwa sasa alikuwa anajitunza. Tena, mtu aliyesikilizwa kwa utulivu, akaguswa kwa uangalifu na kupewa kazi ya kufanya kila siku, huyapima mateso yake kwa namna nyingine.

Jaribio zuri hujengwa ili kutenganisha mambo haya. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, na makundi yote huanza katika msimu uleule na eneo lilelile, ili chavua wanayoivuta iwe moja. Kundi moja hubandikwa kwenye nukta zinazodaiwa kutibu, na jingine hupata tiba bandia inayofanana nayo kwa macho. Kila siku mgonjwa hujipa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila moja ya dalili nne, yaani chafya, kamasi, muwasho na kuziba kwa pua, hivyo jumla ya juu kabisa ni 12. Dawa anayoitumia nayo huandikwa, kwa sababu mwenye alama ndogo aliyemeza vidonge vingi hajapona kuliko mwenzake. Kipimo kikuu kitakachoamua matokeo hutajwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kubandikwa. Vinginevyo mtafiti anaweza kupitia vipimo vingi na kutangaza kile kilichompendeza.

Ugumu wenyewe uko kwenye tiba bandia, na hapa ndipo ninapowahurumia watafiti. Ukibandika plasta isiyo na mbegu, mgonjwa anapobonyeza hahisi kitu, na mara moja anajua yuko kundi gani. Ukibandika mbegu mahali pengine sikioni, anahisi maumivu yaleyale, lakini huenda umesisimua neva ileile, na tofauti kati ya makundi ikafifia bila wewe kujua kama ni kwa sababu tiba haifai au kwa sababu kundi bandia nalo limetibiwa. Aidha, anayebandika anajua anachokifanya, na anaweza kukidokeza kwa sauti au kwa uso. Ndiyo maana mimi hutazama mapema kama watafiti waliwauliza wagonjwa mwishoni: unadhani ulikuwa kundi gani? Kama wengi walikisia sawasawa, matokeo yote yanahitaji kusomwa kwa tahadhari.

Swali: Majaribio ya namna hiyo yamefanyika? Yalionyesha nini?

Jibu: Yamefanyika, ingawa mengi ni madogo na baadhi hayakuwa na kundi la tiba bandia. Lililo kubwa zaidi kati ya yale ninayoyategemea lilichapishwa mwaka 2014 na lilihusisha watu 245 nchini Australia na China. Waliobandikwa kwenye nukta zilizokusudiwa waliripoti nafuu kubwa kuliko wenzao wa kundi bandia. Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa na mafua ya mzio ya mwaka mzima, ambayo mara nyingi husababishwa na vitu kama wadudu wa vumbi, na si haki kuyahamishia matokeo hayo moja kwa moja kwa mtu anayeugua chavua ya msimu.

Kwa mzio wa msimu, jaribio zito zaidi lilitumia sindano za akupancha mwilini. Lilifanyika Ujerumani, likahusisha watu 422 wenye mzio wa chavua ya mti wa betula na ya nyasi, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2013. Baada ya wiki nane, waliochomwa sindano halisi walikuwa na hali bora kidogo kuliko waliochomwa sindano bandia na kuliko waliotegemea pekee vidonge vya cetirizine, dawa ya antihistamini inayozuia kazi ya histamini, na walitumia vidonge vichache zaidi. Kufikia wiki ya 16 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka, na watafiti wenyewe walisita kusema kama ukubwa wake una maana kwa mgonjwa. Maoni yangu ni kwamba kubonyeza sikio kunastahili kupimwa vizuri zaidi kwa mzio wa msimu, lakini bado hakustahili kuuzwa kama tiba iliyothibitika.

Swali: Naweza kujipima mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza kupata fununu. Andika alama zako za dalili nne kila jioni, pamoja na dawa uliyotumia na hali ya hewa. Kisha kura iamue ni wiki zipi utabandika na zipi hutabandika, kwa sababu ukichagua mwenyewe utabandika katika siku mbaya. Hutaweza kujizuia kujua kama umebandika au la, kwa hiyo usiliamini sana jibu utakalolipata.

Swali: Je, tiba hii ni salama kwa mtoto wa miaka mitatu?

Jibu: Singeishauri. Plasta ikibanduka, mbegu huishia mdomoni, puani au ndani ya sikio. Kwa watu wazima, madhara ya kawaida ni maumivu, wekundu na mzio wa gundi ya plasta. Sindano ndogo zinazoachwa sikioni ni jambo jingine kabisa: gegedu la sikio, yaani sehemu ngumu inayolipa umbo, halina mishipa yake ya damu, na likiambukizwa hupona kwa shida na linaweza kuliharibu umbo la sikio. Zikatae.

Swali: Ninatumia dawa ya kupuliza puani, na pia nina pumu. Nikianza kubonyeza sikio, naweza kuacha dawa?

Jibu: Usiache. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani ndiyo yenye ushahidi imara zaidi kwa mafua ya mzio, hasa pua inapoziba, na huvishinda vidonge vya antihistamini. Wengi wanaolalamika kwamba haifai waliianza wamechelewa au hawakuipuliza ipasavyo. Ianze wiki mbili hivi kabla ya msimu. Penga kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, pulizia tundu la kulia kwa mkono wa kushoto na la kushoto kwa mkono wa kulia, mdomo wa chupa ukielekea upande wa nje mbali na ukuta wa kati, kisha vuta pumzi taratibu.

Kuhusu pumu, lipo jambo ambalo kila mwenye mzio wa nyasi anapaswa kulijua. Tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne, Australia, katika msimu wa chavua ya nyasi. Punje za chavua zilipasuka kuwa chembe ndogo zinazoweza kufika ndani ya mapafu, maelfu ya watu walikimbilia hospitali na 10 walifariki. Baadhi ya walioathirika walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walijijua kuwa na mafua ya mzio tu. Kwa hiyo bonyeza sikio ukipenda, lakini dawa ya kuzuia pumu itumie kila siku kama ulivyoelekezwa, inhela ya dharura iwe nawe popote, na kifua kikibana au pumzi ikitoa mlio, nenda hospitali siku hiyohiyo.