Wakati uliopo wa Kifaransa kwa DELF A2: nilivyoacha kukariri jedwali

Mkuu, umesema umebakiza miezi miwili ufanye DELF A2, ule mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya pili, majedwali ya vitenzi umeyamaliza yote, lakini ukiulizwa kwa mdomo unakwama, na ukiandika daftari linarudi limejaa wino mwekundu. Nimepita hapo hapo. Mimi ni mwongoza watalii Arusha, na mtihani huo nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 46 kati ya 100, na kufaulu ni 50. Alama nyingi zilinipotelea kwenye vitenzi vya wakati uliopo, vile nilivyoamini navijua kuliko kitu kingine chochote.

Nilikuwa nakariri jedwali kutoka juu kwenda chini: je, tu, il, nous, vous, ils (mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao). Mtu akiniuliza wenzangu wa kazini wanatoka wapi, naanza kimoyomoyo na je viens, nateremka ngazi moja moja hadi nifikie ils viennent. Nikifika, swali limeshapita.

Kilichonifungua macho ni Kiswahili chenyewe. Sisi nafsi tunaiweka mwanzoni mwa kitenzi: ninalala, unalala, wanalala. Sikio letu limezoea kutega huko mbele. Mfaransa anabadilisha mkia, na mkia wenyewe mara nyingi hausomwi! Parle, parles, parlent, zote tatu zinatamkwa "parl". Kwa hiyo vitenzi vya -er, ambavyo ndivyo vingi kupita vyote, mdomoni vina sauti tatu tu: parl, parlons, parlez. Na kwa kuwa kwenye mazungumzo ya kawaida wao husema on parle badala ya nous parlons, unabaki na mbili. Jedwali la nafsi sita ni la mkono unaoandika. Mdomo una hesabu yake, na mimi nilipozitenganisha hizo kazi mbili ndipo nikaanza kwenda.

Upande wa kusikiliza, mtego mkubwa ni mmoja au wengi. Mazoezi yangu niliyafanya porini. Simba mmoja: le lion dort, inaishia kwenye r. Wakiwa wengi: les lions dorment, ile m inasikika wazi. Tembo anakunywa, il boit. Wanakunywa, ils boivent, v imejitokeza. Ndivyo ilivyo kwa il prend na ils prennent, il sait na ils savent, il finit na ils finissent: kwenye wingi kuna konsonanti inayoamka mwishoni, na hiyo ndiyo ya kuisubiri. Ila uwe makini na il court na ils courent, au il voit na ils voient. Hizo zinasikika sawasawa, kwa hiyo sikiliza kilichotangulia, kama ni le au les. Halafu kuna ils ont na ils sont. Ya kwanza ina z katikati, ya pili ina s. Hiyo peke yake niliirudia wiki nzima.

Ya kukariri kweli kweli ni machache. Nous huishia na -ons, isipokuwa sommes. Vous huishia na -ez, isipokuwa êtes, faites na dites. Kwa ils, wanaoishia na -ont ni wanne tu: ont, sont, vont, font. Jumla manane, basi. Pouvoir, vouloir, devoir, venir na boire vione kama koo mbili: nous na vous wanakaa pamoja (pouvons, pouvez), waliobaki wana nyumba yao (peux, peut, peuvent).

Sasa mtihani wa mdomo. Ni dakika 6 hadi 8, na mtahini anakuuliza kwa vous ya heshima, wewe unajibu kwa je. Hapo ndipo ulimi unapojikunja, maana umetoka kusikia prenez na unatakiwa kutoa prends. Nilirekodi maswali ishirini kwenye simu kwa sauti yangu, nikaacha nafasi fupi ya kujibu, nikawa nayasikiliza kwenye daladala: vous faites, je fais, vous allez, je vais, vous buvez, je bois, vous venez, je viens. Bila mpangilio wowote, ili nisishike mfuatano. Zoezi hili lilinisaidia kuliko kitabu chochote.

Kwenye kuandika, kosa langu sugu lilikuwa je vous invitez. Unaona vous iko jirani na kitenzi, mkono unaandika -ez wenyewe. Ichambue kwa Kiswahili: ninakualika. "Ni" ndiye mtendaji, "ku" ni mtendwa. Je ni "ni", vous ni "ku", kwa hiyo kitenzi kinamfuata je: je vous invite. Kosa la pili lilikuwa les touristes arrive, kwa sababu sikioni arrive na arrivent ni kitu kimoja. Muda wa kuandika ni dakika 45. Dakika tano za mwisho usiongeze sentensi, weka kidole kwenye kila kitenzi ujiulize "nani?", kisha utazame mkia.

Na kuna sehemu Kiswahili kinakubeba, usiiache. Nina njaa, nina kiu, nina miaka 34: j'ai faim, j'ai soif, j'ai trente-quatre ans. Kinapokuangusha ni "nimefanya kazi hii miaka tisa". Ile "me" inakuvuta uandike j'ai travaillé, kumbe kama bado unaifanya, Kifaransa kinataka wakati uliopo: je travaille depuis neuf ans. Sentensi hiyo karibu lazima utaihitaji pale unapojitambulisha, kwa hiyo iwe tayari mdomoni.

Andika barua fupi ya maneno 60, ya kumwalika rafiki, uiweke hapa hapa chini. Nitapitia vitenzi vyote kimoja kimoja.