Jail, prison na gaol

SWALI: Binamu yetu anaishi Texas. Tumeletewa ujumbe kwamba yuko "county jail", na nyumbani watu wanalia kwamba kafungwa. Je, jail na prison si kitu kimoja?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa Marekani ni vitu viwili. Jail ni ya kaunti au mji, kwa kawaida chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Humo hukaa aliyekamatwa jana, anayesubiri kesi kwa kukosa dhamana, na mwenye kifungo kifupi, mara nyingi kisichozidi mwaka 1. Prison ni ya jimbo au ya serikali kuu, ya waliokwishahukumiwa vifungo virefu zaidi. Basi huyo binamu huenda ni mahabusu tu. Ulizeni ameshtakiwa kwa kosa gani, dhamana ni kiasi gani, na kesi inatajwa lini.

Jina lake litafuteni kwenye tovuti ya sherifu wa kaunti husika. Wengi huparamia orodha ya magereza ya jimbo, hawamkuti, wakadhani kapotea. Akiwa mikononi mwa Uhamiaji, ana orodha nyingine ya ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani: hapo hutakiwa namba yake inayoanza na herufi A pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina kamili na nchi hiyo.

Ila someni pia neno linalotangulia. Texas ina "state jail", na adhabu ya makosa ya daraja hilo ni siku 180 hadi miaka 2. Hapo kilio kina sababu.

Uingereza mgawanyo huo haupo. Jail ni la mazungumzo na magazeti. Rasmi ni prison, na mahabusu huwekwa humo humo, wakiitwa "on remand". Kwa hiyo anwani ya HMP Wandsworth (HMP ni "His Majesty's Prison", gereza la Mfalme) haithibitishi kwamba mtu amehukumiwa.

SWALI: Na "gaol"?

JIBU: Ni jail ileile, matamshi yaleyale, kwa tahajia ya zamani. Imebaki zaidi kwenye majina ya kale, kama Kilmainham Gaol ya Dublin. Usiandike "goal", hilo ni bao.

SWALI: Ni askari magereza, naomba kazi nje. Niandike "I was in prison for six years"?

JIBU: Usithubutu! "In prison" bila "the" ni kufungwa. Hata "in the prison" na kitenzi "was" inatia shaka, kwa hiyo taja kazi yenyewe: "I worked as a prison officer for six years." Anayekwenda kumwona ndugu yake husema "I went to the prison", akiiacha "the", kajifunga mwenyewe.