Tamasha la muziki mchanganyiko lijue nani halimwaliki

Mwandaaji akiniambia tamasha lake huru litakuwa na jazi, hip hop, ngoma za asili na elektroniki, humuuliza jambo moja: ni nani hatamwalika hata akijitolea kuja bure? Akikosa jibu, bado ana orodha ya majina tu.

Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004, inasisitiza muziki upigwe laivu. Sharti hilo moja linawaweka waimba taarab na marapa kwenye jukwaa lilelile bila mtu kushangaa. Le Guess Who? ya Utrecht, Uholanzi, ina njia nyingine: kila mwaka wasanii kadhaa hupewa nafasi ya kuchagua wenzao. Usiige sharti la mwingine. Tafuta lako, liwe zito kiasi cha kukukosesha jina moja au mawili makubwa.

Mimi tabia ya tamasha naijenga kwenye ratiba kuliko mahali pengine popote. Huandika sentensi moja kwa kila wasanii wawili wanaofuatana: kwa nini huyu baada ya yule? Mpiga kora, kinubi cha Afrika Magharibi, anaweza kumtangulia DJ wa midundo ya polepole kwa kuwa wote wawili wanauzungusha mstari mmoja wa muziki hadi msikilizaji azame. Sababu ikiwa "ana mashabiki wengi," namhamisha. (Mameneja hawapendi habari hizi, kila mmoja anataka saa nne usiku.) Muulize fundi sauti mapema pia. Bendi ya watu kumi haipangi vyombo kwa dakika tano, na ukimya mrefu katikati huvunja mtiririko wote ulioujenga. Weka mwimbaji mmoja na gitaa lake kwenye jukwaa la pembeni wakati huo.

Kwenye bango, majina yote yawe na ukubwa mmoja. Mdhamini apewe sehemu yake, ila asichague wasanii.

Halafu hesabu za pesa. WOMAD ya kwanza, tamasha la muziki wa dunia nzima lililofanyika Uingereza 1982, ilijua vizuri inachotaka kuwa, lakini ilizama kwenye madeni hadi Peter Gabriel, mmoja wa waanzilishi wake, akarudi kuimba na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis katika onyesho moja la kuyalipa. Kama huna marafiki wa namna hiyo, anza na majukwaa mawili na siku moja, na uwalipe wasanii kabla hujafikiria kuongeza la tatu.