Pinboli ya toleo maalumu: namba kwenye bamba ndiyo bei?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi niko Chicago. Kuna mzee anafunga baa yake, ananiuzia pinboli (mashine ya mchezo wa mpira wa chuma) ya The Addams Family Gold, toleo maalumu lenye namba. Anasema zilitengenezwa 1,000 tu, haziwezi kushuka thamani, na anataka karibu mara mbili ya bei ya ile ya kawaida. Nimwamini? Au ninunue toleo maalumu jipya la Stern, watengenezaji wa pinboli, nilihifadhi ndani ya boksi, niliuze baadaye?

Jibu: Kwenye idadi mzee hajakudanganya. Gold zilitoka 1994, nazo ni 1,000. Lakini The Addams Family ya kawaida ya kampuni ya Bally, iliyotoka 1992, zilitengenezwa 20,270, na mpaka leo haikai sokoni. Watu wanautafuta mchezo wenyewe: mkono unaochomoza kwenye kiboksi na kuunyakua mpira kwa sumaku, na sumaku nyingine zilizofichwa chini ya ubao zinazouyumbisha mpira ukidhani umeshaumudu. Gold inabebwa na mapenzi hayo. Namba inaongeza kitu juu yake, ila mara mbili ni nyingi mno kwangu, labda iwe safi kabisa.

Kwanza hakikisha ni Gold kweli. Miguu ya rangi ya dhahabu inanunulika, na chipu ya programu inaweza kubadilishwa. Dai kuona bamba la namba na cheti chake, na namba zilingane.

Kisha fungua kichwa cha mashine. Kwenye bodi kuu kuna betri tatu za AA zinazotunza kumbukumbu. Zikisahaulika huvuja, na uvujaji huo hula njia za shaba kimyakimya. Niliwahi kukagua mashine iliyong'arishwa nje kama mpya. Nilipozichomoa betri, ncha moja ya kishikio chake ilibaki na ukoko wa kijani, na soketi ya chipu iliyo chini yake ilikuwa imeshaanza kuliwa. Mwenyewe alikuwa ameshalipa. Iliniuma sana, maana kuziangalia ni kazi ya dakika tano.

Hata hivyo bodi hubadilishwa. Ubao wa kuchezea ndio unaoamua bei. Kioo kitolewe, umulike kwa tochi kwa upande, upitishe ukucha kwenye midomo ya mashimo yanayomeza na kuutema mpira. Ukihisi mbao badala ya rangi na vanishi, punguza bei sana: kuhamisha kila kifaa kwenda ubao mpya ni kazi ya siku nyingi.

Kuhusu Stern, mimi nisingefanya hivyo. Iron Maiden ya 2018 ilikuwa na toleo maalumu la mashine 500. Godzilla ya 2021, mashine 1,000. Lakini Godzilla Premium, toleo lisilo na namba, inacheza sawasawa na hiyo yenye namba. Tofauti kubwa ni michoro na mapambo. Kiwanda kikiendelea kutoa Premium, anayetaka kucheza tu hana sababu ya kukulipa wewe zaidi. Na mashine iliyofungiwa boksini, kasoro zake za kiwandani utazijua dhamana imeshakwisha.

Kingine, uhaba unaweza kuvunjwa. Pinboli ya Medieval Madness ya kampuni ya Williams, ya 1997, zilitoka 4,016. Williams waliacha pinboli 1999, na waliokuwa nazo waliona wamekalia mali isiyorudi tena. Baadaye kampuni ya Chicago Gaming ikaanza kuitengeneza upya kwa leseni. Aliyekuwa ameinunua ili aicheze hakupoteza usingizi.

Kwa hiyo nenda kwa mzee mchana, ucheze nusu saa nzima bila kupumzika. Flipa, yaani vile vipigio vya mpira, zikianza kulegea mashine ikipata moto, usikimbie: hilo linatengenezeka kwa gharama ndogo, na ni sababu halali ya kumwomba apunguze.