Las Vegas bila kucheza kamari

SWALI: Mimi na mke wangu tutalala Las Vegas usiku 3. Hatuchezi kamari, tunataka kuona mji tu. Tuanzie wapi, na je, bonde kubwa la Grand Canyon tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

JIBU: Anzeni na Strip, barabara ya hoteli kubwa, yenye urefu wa kilomita 6.8 hivi. Wageni wengi hukosea hapa. Majengo ni makubwa mno, hivyo hoteli inayoonekana iko jirani yaweza kuwa mwendo wa dakika 20, tena kwa kupanda na kushuka madaraja ya waenda kwa miguu. Vaeni viatu mlivyovizoea. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo tembeeni asubuhi na usiku. Chemchemi za maji za hoteli ya Bellagio ni bure na nzuri kweli, hasa gizani. Upepo ukizidi, maonyesho husitishwa. Bustani ya maua iliyo ndani ya hoteli hiyo nayo haina kiingilio.

Mnapolinganisha hoteli, tazameni jumla ya mwisho: ada ya huduma ya kila usiku na kodi hupandisha sana bei ya chumba.

Kuhusu Grand Canyon, ukingo wa kusini uko kilomita 450 hivi, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari, kwenda tu. Kwa siku moja hatuushauri. Ukingo wa magharibi uko karibu zaidi, kilomita 200 hivi, lakini ni ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani: mtakata tiketi yao, kwani pasi ya hifadhi za taifa haitumiki huko. Mkichoka, Hoover Dam, bwawa kubwa la maji, iko kilomita 50 hivi na nusu siku inatosha.